Jumba Lina Mrithi, Halina Mwenyewe

Nimeulizwa tena, hata kabla sijakaa: kwa nini nashikilia kwamba mabwana wa ardhi wa Uingereza wengi wao hawakuwa wenye ardhi? Kwa sababu hati zao ndivyo zisemavyo, ndugu zangu.

Tangu karne ya 17 mawakili walikuwa na njia ya kuifunga milki. Aliyeketi jumbani alikula kodi za wapangaji mpaka siku ya kufa kwake, basi. Kuuza hawezi. Kumwachia binti yake hawezi. Mali inamngoja mjukuu wa kiume ambaye hajazaliwa. Sasa, sheria haikukubali kifungo hicho kidumu milele, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kijana wa kwanza akitimiza miaka 21 angeweza, pamoja na baba yake, kukivunja. Ndipo baba anapomwita mbele ya wakili: tia saini tufunge upya, nawe uanze kupata posho kila mwaka. Kijana mfukoni hana kitu. Anatia saini, naye anageuka mlinzi wa mali ya mwanawe. Kwa hiyo nikiambiwa "ni mila yao tu", sikubali. Mila gani inayotiwa saini upya kila kizazi? Watu walikaa mezani wakaamua.

Chukueni familia ya Jane Austen, yule mwandishi wa riwaya wa Kiingereza. Mchungaji George Austen alikuwa na watoto wanane. Thomas Knight, jamaa wa mbali, alikuwa na jumba na ardhi ya Godmersham kule Kent na ya Chawton kule Hampshire, ila hakujaliwa mtoto. Akamchukua Edward, mtoto wa tatu wa mchungaji. Mkewe Knight alipofariki mwaka 1812, Edward na watoto wake wakaacha jina la Austen wakawa Knight. Yaani jumba halikubadili jina kwa ajili ya mtu. Mtu ndiye aliyebadili jina kwa ajili ya jumba.

Na dada zake? Baba alifariki mwaka 1805. Mama, Cassandra na Jane wakabaki wakitegemea michango ya ndugu wa kiume, wakihama nyumba hadi nyumba kwa miaka minne. Mwaka 1809 Edward akawapa nyumba ndogo pale Chawton. Humo ndimo Jane Austen alimotayarisha vitabu vyake vyote vilivyochapishwa akiwa hai. Tumbo moja, baba mmoja: kaka ana majumba mawili makubwa, dada anaishi kwa hisani yake. Edward alikuwa mtu mwema, simlaumu. Lakini kwa nini dada alale salama kwa wema wa mtu badala ya haki yake? Nimeuliza swali hili miaka mingi na bado najibiwa kwamba Edward alikuwa mkarimu!

Mtasema mabinti walitengewa mafungu. Kweli, fedha, mara moja, nyingi zikienda kuwa mahari ya kumpelekea mume. Ardhi ilibaki kwa kaka.

Wa Pwani mtanielewa upesi. Mzee akiweka nyumba zake wakfu kwa wanawe na wajukuu, nia yake ni mali isisambaratike. Majaji wa Privy Council, mahakama ya London iliyosikiliza rufaa za mwisho kutoka makoloni, waliukataa wakfu wa namna hiyo katika kesi ya India mwaka 1894, na baadaye wakafuata msimamo huohuo katika kesi ya Kenya: sadaka kwa maskini, ambao wangepata mali pale tu ukoo utakapokwisha, walisema, ni ya jina tu, na familia haiwezi kujifungia mali milele. Naam, umilele walijikataza hata wao. Lakini matajiri wao walikuwa na wakili wa kufunga upya kila mwana alipofikisha miaka 21. Jambo hili linaniuma, na sitaacha kulisema.

Naona naonyeshwa saa. Basi kwa haraka: mwaka 1882 sheria ilimruhusu mkaazi wa jumba kuuza ardhi, fedha zikabaki kwenye mfuko wa familia. Mwaka 1894 ikaja kodi mpya ya mirathi, ambayo baadaye ilipandishwa mno, na majumba mengi yakauzwa au kubomolewa. Sheria za 1925 zikaondoa haki ya mwana wa kwanza wa kiume kurithi ardhi yote pale mtu anapokufa bila wasia. Mwenye wasia bado yuko huru kumpa mmoja kila kitu. Vyeo vya kikabaila navyo, karibu vyote, hadi leo hurithiwa na wanaume. Sheria ya 2013 iliyomweka binti wa kwanza sawa na kaka yake iligusa kiti cha mfalme tu.