Dakika 40 za kujiandaa, 20 za kukimbia

REHEMA: Karibu tena, msikilizaji. Kabla hatujaanza, naomba Salim akiri lile jambo alilonisimulia wakati tunafunga maikrofoni.

SALIM: We Rehema, si tulikubaliana lile lisiingie kwenye kipindi?

REHEMA: Hatukukubaliana. Wewe uliomba, mimi nikanyamaza.

SALIM: (anacheka) Haya. Juzi nilijipima kwa saa. Tangu kufumbua macho mpaka kutoka mlangoni kwenda kukimbia, dakika 40. Nikakimbia dakika 20, nikarudi kuoga.

REHEMA: Dakika 40 unafanya nini, jamani? Unavishwa kama bwana harusi?

SALIM: Glasi ya maji. Natandika kitanda. Kahawa. Nasubiri kahawa ishike. Halafu nachagua nyimbo, na hapo ndipo muda unapoteketea, maana ukishaishika simu, ndiyo basi tena. Kisha kujinyoosha. Mwisho soksi, zile za kijivu. Zikiwa chafu naanza kutafuta zinazofanana nazo.

REHEMA: Soksi za bahati!

SALIM: Si bahati. Miguu imezizoea.

REHEMA: Usijitetee, uko na wakubwa. Rafael Nadal, yule mcheza tenisi, alikuwa akipanga chupa zake mbili mbele ya kiti, lebo zikitazama upande anaochezea. Ila yeye akishazipanga, anacheza mpaka mtazamaji anachoka.

SALIM: Kahawa ina sababu lakini. Kafeini haifanyi kazi pale pale unapomeza. Kwa watu wengi inafika kileleni kwenye damu baada ya dakika 30 hadi 60. Nikinywa na kutoka hapo hapo, itanikuta bafuni.

REHEMA: Sawa, lakini dakika 20 za mwendo wa kupiga soga zinataka kahawa ya nini? Mimi naona husubiri kahawa wewe. Unasubiri hamu.

SALIM: (kimya) Hapo umenishika.

REHEMA: Nami nimeisubiri miaka. Tatizo ni kwamba mtu akiamka, akili inachelewa kufika. Usingizi una mabaki yake, robo saa, nusu saa, na zaidi ukizinduliwa katikati ya usingizi mzito. Sasa mtu wa hali hiyo unamuuliza, "Twende au tusiende?" Jibu lake unalijua! Kwa hiyo nimeacha kumuuliza. Maswali yote nayamaliza usiku. Nguo ziko kitini, ya kutangulia kuvaliwa iko juu. Raba mlangoni, kamba zimeshalegezwa. Njia ya kupita nimeshaamua. Simu inalala sebuleni, kwa hiyo kengele ikilia sina budi nisimame, na nikishafika kuizima, mlango uko karibu kuliko kitanda.

SALIM: Na kitanda hutandiki?

REHEMA: Nitandike mtu kalala ndani yake?

SALIM: (anacheka) Haya. Ila na wewe, kutoka kitandani moja kwa moja barabarani, mgongo huo hauulalamikii mwendo?

REHEMA: Mgongo nauheshimu sana. Ukilala, zile diski laini zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo zinafyonza maji. Ndiyo maana asubuhi mtu anakuwa mrefu kuliko jioni, sentimita moja hivi au zaidi kidogo. Zikiwa zimejaa namna hiyo, kuinama sana kunazitia mkazo zaidi. Kwa hiyo nikiamka sigusi vidole vya miguu.

SALIM: Ndicho ninachoanza nacho! Nainama, nashikilia hapo, nahesabu mpaka 90.

REHEMA: Na ukishikilia msuli mmoja zaidi ya dakika nzima, unaupunguzia nguvu kidogo kwa muda. Si jambo la kutisha, ila unakuwa umejichosha bure. Isitoshe, ukiamka mwili bado una ubaridi wa usiku. Kinachoufaa ni kupashwa joto. Mimi natembea dakika 5, taratibu hadi mtu angedhani nimepoteza pete. Halafu nazungusha mikono, narusha mguu mbele na nyuma, nanyanyua magoti, ndipo nianze kukimbia. Na hayo yote nafanya nje, nayahesabu kuwa mazoezi.

SALIM: Aaa! Kumbe unanishinda kwa hesabu tu.

REHEMA: Kwa hesabu na kwa mlango. Ukijinyoosha chumbani, kitanda kinakutazama. Ukijinyoosha nje, umeshatoka, aibu yenyewe inakusukuma.

SALIM: Na kula je? Mimi natoka tumbo tupu.

REHEMA: Kwa mwendo mwepesi usiofika saa nzima, wengi hawapati shida. Akiba ya sukari iliyopungua usiku ni ya ini, ya misuli bado ipo. Anayetumia insulini ndiye wa kuzungumza na daktari wake kwanza.

SALIM: Sasa ngoja nami niseme. Sitaki kila kitu changu cha alfajiri kiwe na kazi. Ile glasi ya maji naipenda kwa sababu nyumba imetulia. Hakuna anayeniita, hakuna anayeniuliza chaja iko wapi. Ukininyang'anya hiyo, pengine hata hizo dakika 20 sitakimbia.

REHEMA: Hilo nakupa, na sikulitegemea. Basi liite kwa jina lake, ni muda wako. Usiseme ni maandalizi, maana maandalizi hayana mwisho, kila siku unagundua kingine cha kuandaa.

SALIM: Kitanda je? Nikikitandika, hakirudiki.

REHEMA: Kitanda kibaki. Hicho ni kufunga mlango wa nyuma.

SALIM: Kwa hiyo kesho naacha kuchagua nyimbo asubuhi, nachagua leo usiku. Kujinyoosha nahamishia nje. Kahawa nanywa nikirudi.

REHEMA: Na soksi?

SALIM: Soksi nanunua jozi 7. Zote za kijivu.