Glosi Inayoruhusu Ubishi: Kanuni za Kuweka Lugha katika Kanzidata ya Pamoja

Walimu wangu, wanaisimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliojibana huko nyuma, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie kanuni za kuandika glosi pale tunapohifadhi lugha ya wenyeji ambayo haina maandishi mengi, na data yake inaingia kwenye kanzidata, yaani hazina ya data ya kompyuta, inayotumiwa na watu wengi. Glosi ni ule mstari wa chini ya sentensi unaoeleza kila kipande cha neno kinafanya kazi gani. Wapo wanaoiona kuwa kazi ya karani. Kwangu mimi ni hoja ya kisarufi iliyofupishwa, na kanuni nzuri ni ile inayomwezesha atakayekuja baadaye kuiona hoja yako na kukubishia.

Mifano yangu itakuwa ya Kiswahili. Hakiko hatarini, lakini sote tunakijua, kwa hiyo nikiteleza mtanikamata hapa hapa.

Chukueni neno hakukuona, kwa maana kwamba yeye hakukuona wewe. Tukilikata tunapata ha-ku-ku-on-a. Kuna ku mbili zimefuatana, hazitofautiani hata chembe kwa sura wala kwa sauti. Ya kwanza ni ya ukanushi wa wakati uliopita, ya pili ni yambwa, yaani wewe unayeonwa. Na hiyo ha- ya mwanzo imebeba mambo mawili kwa pamoja, ukanushi na nafsi ya tatu, kwa sababu kile kiambishi a- kimemezwa. Ukiandika chini yake NEG-KU-KU-ona-A, umerudia tu kile ambacho macho yanakiona. Glosi inayosema kitu ni hii: NEG.3SG-NEG.PST-2SG.OBJ-ona-FV, ambapo NEG ni ukanushi, PST wakati uliopita, OBJ yambwa, FV irabu tamati, 2 na 3 ni nafsi, SG ni umoja. Vistari vinne juu, vistari vinne chini. Nukta inamwambia msomaji kwamba hapa kipande kimoja kina kazi zaidi ya moja na mimi sikuweza, au sikutaka, kukikata zaidi.

Utaratibu huo si wangu. Unatoka katika Kanuni za Leipzig za kuandika glosi, zilizoandaliwa na wanaisimu Bernard Comrie, Martin Haspelmath na Balthasar Bickel, na toleo linalotajwa sana ni la mwaka 2008. Ni kanuni kumi tu. Kistari hutenga mofimu, yaani vipande vya neno vyenye maana au kazi, alama ya sawasawa hutenga vile vipande vinavyoegemea neno jirani, alama ya wimbi huonyesha urudufu, na mabano yenye pembe huzunguka kiambishi kilichopenya katikati ya mzizi. Zisomeni wenyewe, hazimalizi nusu saa. Faida yake kubwa katika kanzidata ni kwamba hesabu ya vistari inaweza kukaguliwa na kompyuta: mistari miwili isipolingana, rekodi inarudishwa kwa aliyeileta kabla haijaingia.

Ila kanuni hizo zinakufundisha kupanga. Hazikuambii kitu unachokiona kiitwe nani, na ugomvi wote uko hapo.

Mti umeanguka. Ukuta umeanguka. Wewe umeanguka. Kitenzi ni kile kile mara tatu, ila u- ya kwanza ni ya ngeli ya mti, ya pili ni ya ngeli ya ukuta, ya tatu ni nafsi ya pili. Sasa mchangiaji mmoja anatumia namba za ngeli zilizoanzia kwa Bleek, mtafiti wa lugha za Kibantu wa karne ya 19, na kupanuliwa na mwenzake Meinhof, ambamo mti uko ngeli ya 3 na ukuta ngeli ya 11. Anaandika 3 chini ya u-. Mwenzake, aliyezoea lugha zisizo na ngeli, akiona 3 anasoma nafsi ya tatu. Wa tatu amefundishwa ngeli za shuleni, anaandika U-I na U-ZI. Kila mmoja yuko sahihi nyumbani kwake. Wakikutana kwenye jedwali moja, anayetafuta viambishi vya nafsi ataletewa miti.

Mimi hupendekeza namba ya nafsi isitembee peke yake kamwe, iandamane na SG (umoja) au PL (wingi), na namba ya ngeli itanguliwe na herufi, tuseme NG3. Ni jambo dogo linalookoa mengi. Na muamue mapema kama ngeli mnaihesabu kwa umbo la nomino au kwa upatanisho, yaani kiambishi ambacho nomino inakidai kwenye kitenzi, maana kifaru amelala: nomino ina ki- ya ngeli ya 7, kitenzi kina a- ya ngeli ya 1. Andikeni vyote viwili, kila kimoja mahali pake. Msimlazimishe kifaru achague.

Nije kwenye -me-. Vitabu vingi vitakupa lebo ya PRF, hali timilifu, na kwa amefika inakaa vizuri. Lakini amelala, amevaa, amechoka? Hapo tunasema hali aliyo nayo mtu sasa hivi. Ukibandika PRF na kwenda zako, mtafiti anayelinganisha lugha mia moja atadhani -me- inafanana na kila PRF nyingine aliyoikuta. Lebo ni jina la kupanga tu. Maana yake halisi lazima ikae katika orodha ya vifupisho: kila kifupisho na maelezo ya sentensi mbili tatu, mifano inayokubali na mfano mmoja unaosumbua. Orodha ya aina hiyo ndiyo ninayoiomba kwanza nikipewa mradi kuukagua, na mara nyingi nakuta mstari mmoja tu: PRF, timilifu. Hapo hakuna cha kubishia.

FV nayo, irabu tamati, huwa inanichekesha. Inataja kiungo kinakaa wapi bila kusema kinafanya nini. Katika anasoma, asome na hasomi, irabu ya mwisho ndiyo inayobadilika, na kazi inabadilika nayo. Ziitwe zote FV, na mtafutaji hatapata kitu.

Kuna shida nyingine ambayo haina isimu ndani yake ila inaua kanzidata kimya kimya, nayo ni herufi. Andika ng'ombe. Ile alama juu inaweza kuwa koma ya juu iliyonyooka, au ile iliyopinda ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, au herufi maalumu yenye namba U+02BC katika Yunikodi, ule mfumo unaoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta. Kwa jicho ni karibu kitu kimoja. Kwa kompyuta ni maneno matatu tofauti, na mbili za kwanza huhesabiwa kuwa alama za uandishi, kwa hiyo programu nyingine zinakata neno na kukuachia ng upande huu na ombe upande ule. Chagueni moja siku ya kwanza. Mimi ningechagua U+02BC, kwa kuwa Yunikodi yenyewe inaihesabu kuwa herufi.

Nimalizie na suala la nani anasoma. Vifupisho hivi vimetokana na Kiingereza, na mwenye lugha akifungua rekodi ya nyanya yake anakuta NEG.PST. Programu ya kuchambua data ya lugha kama FLEx inaruhusu mistari ya glosi kwa lugha zaidi ya moja, basi ongezeni mstari kwa lugha ambayo wenyeji wanaisoma, kwa maneno kamili. Wao ndio watakaokuambia kwamba umekata neno mahali pasipokatika. Likitokea hilo, usifute glosi ya zamani. Weka mpya pembeni yake, na kila moja iwe na jina la aliyeipendekeza, kama ameridhia kutajwa, pamoja na tarehe. Palipo na shaka, weka alama ya kuuliza ndani ya safu yake yenyewe, isichanganywe na lebo, ili siku mtu akitaka kuzitafuta shaka zote za lugha hiyo azipate kwa mara moja.

Nadhani mkono ule umeinuliwa tangu niliposema ngeli za shuleni. Karibu, mwalimu.