Kupandisha kasi ya RAM: tunaishia wapi?

Muli mutya, ndugu zangu mafundi. Na wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni.

Juzi mteja kaniletea kompyuta akidai amepunjwa. Kanunua RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya kizazi cha DDR4, paketi inasema kasi ni 3200, yaani uhamishaji wa data milioni 3,200 kwa sekunde, mashine inamwonyesha 2133. Hakupunjwa. RAM isipoambiwa kitu huamka na mwendo wa kawaida, volti 1.2. Ile 3200 ni mpangilio uliohifadhiwa ndani ya kijiti chenyewe, unaitwa XMP, na mara nyingi unataka volti 1.35. Ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio ya kabla mfumo haujawaka, uwashe XMP, umemaliza. Wengi wetu tungeishia hapo tukalala vizuri.

Lakini fundi hatosheki, namjua, ni mimi.

Tufanye hesabu basi. Chukua CL, idadi ya mizunguko ambayo RAM husubiri kabla ya kujibu, zidisha kwa 2,000, gawanya kwa kasi. 3200 yenye CL16 inakupa nanosekunde 10 za kusubiri. 3600 yenye CL18? Kumi zilezile! DDR5, kizazi kilichofuata, ya 4800 yenye CL40 inakaribia 16.7. Boda inawahi kufika, lori linabeba magunia. Muuzaji akikutajia kasi peke yake, muulize CL.

Halafu kikomo chenyewe mara nyingi hakipo kwenye RAM. Kidhibiti chake kimo ndani ya prosesa, na prosesa mbili za jina moja hazilingani uvumilivu. Kwenye prosesa za AMD Ryzen 5000, nyingi hugoma karibu na 3800. Ukilazimisha zaidi, njia ya ndani ya prosesa haiendi tena sambamba na RAM, na kuchelewa kunaongezeka. Ukijaza vijiti vinne badala ya viwili, utagota mapema zaidi.

Mimi nilifika 3800. Mashine iliwaka, gemu zikacheza, nikajisifu kwa majirani. Wiki mbili baadaye nafungua video ya kwanjula, sherehe ya kwenda kujitambulisha ukweni, niliyokuwa nahariri: picha imechanika katikati, na nakala niliyoibana kwenye zipu haifunguki. Hakuna skrini ya bluu, hakuna onyo. Biti ziligeuka ndani ya RAM, zikaandikwa diskini hivyohivyo, na nakala nayo niliitengeneza kwa RAM hiyohiyo. Pesa ya mteja nilirudisha. Sasa utamwambia nani abebe tena vikapu vya zawadi hadi kwa wakwe?

Na joto, jamani. Seli za RAM huvuja chaji, zinajazwa upya kila mara. Chipu ikipita nyuzi 85, kanuni inataka zijazwe mara mbili zaidi. Ukichelewesha ujazaji huo ili upate kasi, jaribio la alfajiri litapita, la saa nane mchana chini ya mabati litakukana. Pima mchana, kesi ikiwa imefungwa.

Mwenye kijiti kimoja asihangaike na haya yote. Aongeze cha pili kinachofanana nacho, akichomeke kwenye chaneli ya pili, yaani njia ya pili ya data. Kwa 3200 anatoka gigabaiti 25.6 kwa sekunde hadi 51.2, kwa hesabu ya karatasini. Hakuna kasi ya BIOS itakayompa hiyo.

Hii mashine hapa mezani niliiacha usiku kucha na MemTest86, programu ya kupima RAM, kwa 3733. Hebu niwashe skrini… Mnaona pale chini? Kosa moja, raundi ya nne. Raundi tatu zilipita safi. Nairudisha 3600, tuanze upya.