Jina la Hermogenes

Mabibi na mabwana, leo tunasikiliza ubishi wa watu watatu, Cratylus, Hermogenes na Socrates, kuhusu majina: ni ya asili au ya makubaliano? Aliutunga Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika mazungumzo yaitwayo Cratylus.

Huyo Cratylus anashikilia kwamba kila kitu kina jina lake la asili. Jina lisilokifaa ni kelele tu. Ndiyo maana anamwambia Hermogenes: hilo si jina lako, hata kama watu wote wanakuita hivyo. Dhihaka hiyo inauma. Hermogenes maana yake ni mzawa wa Hermes, mungu wa biashara na ufasaha, na maskini huyu hana kitu, ilhali ndugu yake Callias ndiye aliyeukalia utajiri wa baba yao. Hermogenes anajitetea kwamba majina ni makubaliano: mbona watumwa wetu tunawabadilisha majina, na jipya linafaa sawa na la zamani? (Mfano unamtoka bila kusita. Athens ya kale hiyo, ambako utumwa ulikuwa jambo la kawaida.)

Socrates, mwalimu wa Plato, kwanza anaelekea upande wa Cratylus. Herufi, anasema, huigiza mambo. Ulimi hutikisika ukitamka R, basi R ni ya mwendo; L huteleza, basi ni ya ulaini. Kabla ya hapo amekwisha kuchambua majina chungu nzima, ya miungu na ya mashujaa, na mimi naona nusu ya uchambuzi ule ni mzaha. Kisha anatega mtego. Neno la Kigiriki la ugumu ni sklerotes, na ndani yake imo L! Herufi ya ulaini inafanya nini kwenye ugumu? Na je, ukilisikia neno hilo unaelewa? Cratylus anakiri kwamba anaelewa, kwa mazoea. Amenaswa. Mazoea hayo ni nini kama si makubaliano?

Hata hivyo Socrates hampi Hermogenes ushindi. Aliyetoa majina ya kwanza huenda alikosea, kwa hiyo ni bora tuvichunguze vitu vyenyewe. Cratylus haridhiki, na Aristotle, mwanafunzi wa Plato, anasimulia kwamba mwishowe aliacha kusema kabisa, akawa anatikisa kidole tu.

Aristotle mwenyewe yuko na Hermogenes: jina ni sauti yenye maana kwa makubaliano. Sauti hutofautiana baina ya watu na watu, ila mambo yaliyomo rohoni ni yaleyale kwa wote. Hili la pili amelipitisha haraka mno kwangu. Lakini lile la kwanza analitetea vizuri: mlio wa mnyama nao hudhihirisha jambo, ila hakuna mlio hata mmoja ulio jina.