Kumdai Rais Aliye Madarakani: Mhadhara Uliotolewa Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, na vijana mliokuja moja kwa moja kutoka kazini, ahsanteni kwa kuitikia wito.

Huku Ngamiani ukiuliza, utaambiwa Rais hashitakiwi, basi. Kwa jinai ni kweli: Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inakataza muda wote awapo madarakani. Madai ni habari nyingine.

Tuseme fundi mwashi wa Chumbageni alimjengea mtu nyumba, hakumaliziwa pesa zake. Miaka miwili baadaye mtu yule anaapishwa kuwa Rais. Deni lile ni lake binafsi, na ibara ndogo ya (2) inamruhusu fundi kwenda mahakamani, mradi ampelekee Rais taarifa ya maandishi angalau siku 30 kabla. Aandike jina lake, anakoishi, anadai nini na anaomba nafuu gani. Angekuwa anaidai Serikali ujenzi wa darasa, angetakiwa kutoa notisi ya siku 90!

Wapo watakaomwambia, "Subiri amalize muda wake." Ushauri huo unaniuma, maana unaua haki ya mtu. Dai la mkataba lina ukomo wa miaka 6, na Rais anaweza kukaa 10. Akija kustaafu, fundi ataambiwa amechelewa. Wenzetu wa Kenya, hapo ng'ambo ya Horohoro, wana Ibara ya 143 inayosimamisha hesabu ya muda kwa mashauri yaliyozuiwa rais akiwa ofisini. Ibara yetu ya 46 haina kifungu hicho, kwa hiyo fundi asikae kimya.

Aliyoyatenda kama Rais hayamo humo. Kwa hayo hashitakiwi hata akistaafu, isipokuwa kama Bunge ndilo lililomwondoa. Hapo naona kinga imepita kiasi, na nitaendelea kusema hivyo.

Kuna wanaohofia kuwa kesi zitamzuia Rais kufanya kazi. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote 9, ilikataa hoja hiyo katika kesi ya Paula Jones dhidi ya Bill Clinton, iliyohusu jambo la kabla ya urais. Kesi ilimsumbua kwelikweli, na ushahidi alioutoa ukamfikisha mbele ya Bunge. Mwaka 1998 alikubali kulipa dola 850,000 yakaisha, na muhula wake akaumaliza.

Tuingie kwenye maswali. Mama uliyenyoosha mkono mapema, karibu.