Cuito Cuanavale: Hapa Si Simba na Yanga

Mwenyekiti kanipa dakika kumi. Nitajitahidi, ingawa anayenijua ananijua.

Kila nikiitaja Cuito Cuanavale, mji wa kusini mwa Angola uliopiganiwa 1987 na 1988, mkono unanyooshwa: "Mwalimu, kwani pale nani alishinda?" Utadhani nasimulia mechi ya watani wa jadi! Basi leo naanzia kwenye vifaru.

Tarehe 23 Machi 1988 Makaburu wa Afrika Kusini, pamoja na UNITA, waasi wa Angola, walijaribu kwa mara ya mwisho kuivunja ngome ya Tumpo, mashariki mwa mto Cuito. Vifaru vyao vya Olifant vikaingia kwenye mabomu ya kutegwa, vikakwama, na ng'ambo ya mto mizinga ya jeshi la serikali ya Angola na ya Wakuba waliokuja kuisaidia ikawa inawamiminia moto. Wakarudi nyuma. Vifaru vitatu wakaviacha mchangani. Vitatu! Jeshi lililokuwa likijiingilia nchi za jirani kama linaingia shambani kwake. Upande wa pili hali nayo ilikuwa ya kuunga-unga: vifaru vibovu vilifukiwa ardhini, ukabaki mzinga tu umechomoza. Daraja lilikwisha kulipuliwa Januari, watu wakawa wanavukia kivuko cha mbao.

Najua kuna mtu hapo nyuma anataka kuniambia kwamba Makaburu hawakuwa na shida na ule mji, na kwamba kule mto Lomba, Oktoba 1987, waliisambaratisha brigedi ya 47 ya Angola. Lomba sibishi, Waangola walipigwa vibaya. Lakini kama mji huutaki, Tumpo umekwenda mara tatu kutafuta nini? Uyoga?

Tena huku wote wamekodolea macho mji huo, Wakuba walikuwa wakiteremka upande wa magharibi kuelekea mpaka wa Namibia, wanajenga viwanja vya ndege. Tarehe 27 Juni MiG zao zikapiga bwawa la Calueque, pua na mdomo na mpaka. Makaburu walikuwa chini ya vikwazo vya silaha tangu 1977. Ndege ikianguka, ya kuziba pengo lake haipo. Hapo ndipo Angola, Cuba na Makaburu wakaanza kusikilizana mezani. Tarehe 22 Desemba wakatia saini New York, na Azimio 435 la Umoja wa Mataifa, la kuitoa Namibia mikononi mwa Makaburu, lililolala tangu 1978, likaamshwa. Tarehe 21 Machi 1990 Namibia ikawa huru. Wazee wa Kongwa walioona vijana wa SWAPO, wapigania uhuru wa Namibia, wakifanya mazoezi kambini pale miaka ya sitini wanajua bendera ile ilisubiriwa kiasi gani.

Mandela na safari yake ya Cuba, 1991... naona saa inaangaliwa. Tuiache.

Ila Waangola siwaachi. Mkataba uliwaondoa Makaburu na Wakuba. Ugomvi wa MPLA, chama kilichoshika serikali, na UNITA ukabaki nyumbani, mpaka Savimbi, kiongozi wa UNITA, alipouawa Februari 2002. Na mabomu yaliyovikwamisha vile vifaru yalibaki ardhini. Wateguaji wameyatafuta miaka na miaka, wamepiga magoti, wanakwangua mchanga kidogo kidogo.

Haya, maswali. Lile la nani alishinda, asiniulize mtu.