Kumwomba Mlinzi Ruhusa: Mhadhara kwa Wanasaikolojia wa Goma

Ndugu zangu wanasaikolojia, pamoja nanyi mnaopokea watu kila asubuhi katika vituo vya afya vya hapa Goma, nimeombwa nieleze namna ya kuingiza katika kazi yetu tiba ya sehemu za nafsi. Richard Schwartz, mtaalamu wa tiba ya familia wa Marekani, alianza kuiunda katika miaka ya 1980 alipokuwa akiwahudumia watu waliokula kupita kiasi kisha wakajitapisha. Walimsimulia sauti zilizobishana ndani yao, ambazo yeye aliziita sehemu, naye, badala ya kuzinyamazisha, akazisikiliza kama alivyozoea kuwasikiliza wanafamilia walioketi mbele yake.

Wazo hilo si geni kwetu. Ni mara ngapi mama amekuambia kwamba moyo mmoja unamtuma arudi kijijini na mwingine unamkataza, au kwamba nafsi yake inamsuta? Anzeni hapo, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu mkimwambia kwamba ndani yake mna mtu mwingine atadhani mnazungumzia pepo, na akitoka kwenu atakwenda moja kwa moja kwenye chumba cha maombi.

Schwartz anataja aina tatu za sehemu hizo. Wasimamizi, wanaozuia maumivu yasije. Wazimamoto, wanaokurupuka maumivu yakishafika, kwa pombe au kwa hasira; hawa pamoja na wasimamizi ndio walinzi. Na sehemu zilizofichwa, zinazobeba hofu na aibu ya zamani. Wote hao wanahitaji kuongozwa na nafsi yenyewe, yaani kiini cha mtu, ambacho kwa imani ya Schwartz hakiharibiki.

Mimi mwenyewe nilikosea kwa msimamizi mmoja wa aina hiyo. Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, mama mmoja, ambaye habari zake nimezibadilisha, aliweka mfuko mlangoni: kadi ya uchaguzi, karatasi za shule za watoto, sufuria, kitenge. Kila usiku aliufungua, akahesabu, akaufunga, mara nne au tano, asipate usingizi. Nilimwagiza arudishe vitu kabatini, naye hakuonekana kwa majuma matatu. Aliporudi nilimwuliza anaionaje moyoni ile sehemu inayohesabu. Akasema anaichukia. Chuki hiyo nayo ni sehemu, kwa hiyo tuliiomba isogee kando kidogo, ndipo nikamwomba aiulize ile ya kwanza inaogopa nini ikiacha kuhesabu. Alikaa kimya muda mrefu, akitazama kiganja chake, kisha akasema kwamba njiani kuelekea mji wa Sake mkono wa mtoto ulimchomoka gizani.

Siku ile sikuligusa jeraha hilo. Tuliishukuru sehemu inayohesabu, basi. Nawasihi mzingatie hapo kuliko mahali pengine popote: mlinzi asipotoa ruhusa, msipite, na kama mradi unawapa vikao vitatu tu na mtu, bakini na walinzi, kwa maana kidonda kilichofunuliwa kisha kikaachwa wazi ni kosa letu, si lake. Wala msiitumie njia hii peke yake kwa mtu aliyepoteza uhusiano na uhalisia. Huyo mpelekeni kwa daktari wa akili.

Tena mlinzi anaweza kuwa anasema kweli. Katika mji huu mfuko ulio tayari mlangoni ni busara, na yule mama hakurudisha kamwe vitu kabatini kama nilivyomwagiza. Siku hizi anauhesabu mara moja, kabla ya kuzima taa.